UZI: Pesa ni za serikali, lakini nani ashike usukani?

1/ Leo uzi wetu unasafiri hadi Marekani. Kila wakati bajeti ya afya ya huko inapojadiliwa, utasikia mmoja akisema, "Serikali inalipa wazazi kulea watoto wao wenyewe!" Mwingine anajibu, "Mnataka kuwarudisha watu walio na ulemavu kwenye taasisi za kufungiwa!" Kila upande unapiga makofi, na wewe mtazamaji unabaki hujaelewa kitu. Wacha tufungue hilo fundo polepole.

2/ Kwa nini mimi nijali? Shangazi yangu alihamia huko kabla sijaanza darasa la kwanza. Kama Wakenya wengi wa huko, kazi aliyoipata ni ya kuhudumia watu walio na ulemavu: kuwaogesha, kuwalisha, kuwapeleka kliniki, zamu za usiku. Mwanawe, yaani binamu yangu, ana usonji na haongei. Kwa miaka 7 shangazi alilipwa kuhudumia watoto wa wenyewe huku wa kwake akingoja kwenye foleni.

3/ Foleni ya nini? Tuanze na Medicaid. Ni bima ya afya ya umma kwa watu wa kipato cha chini na watu walio na ulemavu, na ilianzishwa mwaka 1965. Serikali ya shirikisho na majimbo huchangia pamoja. Shirikisho hulipa angalau nusu ya gharama ya huduma, halafu jimbo ndilo linaendesha. Fikiria serikali kuu na kaunti, ila kila kaunti ina kitabu chake cha masharti.

4/ Shida ilikuwa hivi. Mfumo huo ulijengwa ukizunguka hospitali na taasisi. Mtu akilazwa ndani, Medicaid inalipa. Akikaa nyumbani kwao na anahitaji mtu wa kumsaidia kuvaa, kula na kutoka, msaada ni mdogo au haupo. Kwa hivyo wengi walifungiwa ndani kwa sababu pesa zilikuwa huko, hata kama wangeweza kuishi na watu wao.

5/ Na huko ndani kulikuwaje? Willowbrook, Staten Island, New York, ilikuwa taasisi ya jimbo ya watoto na watu wazima walio na ulemavu wa kiakili. Mwaka 1972 kamera za televisheni ziliingia. Wamarekani wakaona watoto walioachwa uchi, msongamano, uchafu, na wahudumu wachache mno. Ilichukua hadi 1987 kuifunga kabisa. Ndiyo maana neno "taasisi" likitajwa kwenye mdahalo, watu wa rika fulani hushtuka.

6/ Kisa cha pili ni cha Katie Beckett, mtoto wa Iowa. Aliugua ugonjwa wa ubongo akiwa mchanga, akahitaji mashine ya kupumua. Madaktari walisema anaweza kuhudumiwa nyumbani, na kwa gharama ndogo kuliko hospitali. Lakini akitoka tu, kipato cha wazazi kingehesabiwa na Medicaid ingekatika. Yaani sheria ilimshikilia hospitalini kwa bei ya juu zaidi! Mwaka 1981 kisa chake kikawa habari ya taifa.

7/ Mwaka huo huo sheria ikaleta kitu kinachoitwa weiva. Hapa Kenya weiva tunaijua: bili ya hospitali imekushinda, unaenda ofisi ya ustawi wa jamii kuomba usamehewe. Hii ya Medicaid ni tofauti. Hapa anayesamehewa ni jimbo, na kinachosamehewa ni masharti. Shirikisho linaliambia jimbo: baadhi ya kanuni za kawaida weka kando, tumia pesa za Medicaid kuhudumia watu nyumbani na mtaani kwao.

8/ Kuna masharti pia. Mtu lazima awe na mahitaji ya kiwango ambacho kingemfanya astahili kuwekwa taasisi. Na kwa wastani, gharama ya kumhudumia nyumbani haifai kupita ile ya taasisi. Wengi wanaozungumziwa kwenye uzi huu wana ulemavu wa ukuaji, yaani ule unaoanza utotoni au ujanani, kabla ya miaka 22: usonji, mtindio wa ubongo, ulemavu wa kiakili na kadhalika.

9/ Sasa soma hii polepole, ndiyo kiini cha uzi. Medicaid ya kawaida ni haki. Ukitimiza vigezo, unapewa. Weiva ni ruhusa. Jimbo linaruhusiwa kuweka idadi: nafasi elfu kadhaa, basi. Zikijaa, unawekwa kwenye orodha hata kama umetimiza kila kigezo. Mwaka 2024 orodha hizo kote nchini zilikuwa na zaidi ya watu 700,000, wengi wao wakiwa na ulemavu wa kiakili au wa ukuaji.

10/ Tuwe wakweli na hiyo namba. Majimbo mengine huandikisha kila anayeomba bila kwanza kuangalia kama anastahili, kwa hivyo orodha hufura. Mengine hukagua kwanza. Ukisikia mtu kwenye mdahalo akilinganisha foleni ya jimbo moja na la pili, muulize kama zinahesabiwa kwa njia moja.

11/ Na mahakama je? Wanawake wawili wa Georgia, Lois Curtis na Elaine Wilson, walikaa hospitalini hata baada ya madaktari kusema wanaweza kuishi mtaani wakipewa msaada. Mwaka 1999 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kumfungia mtu bila sababu ni ubaguzi. Lakini hukumu hiyo hiyo ilikubali kwamba jimbo linaweza kuwa na foleni, mradi isonge kwa kasi inayofaa. Hiyo "kasi inayofaa" ni miaka mingapi? Wanasheria bado wanavutana.

12/ Haya, tuseme umepata nafasi. Zamani jimbo lilikupa wakala, na wakala akakupangia nani aje, saa ngapi, afanye nini. Binamu yangu aliletewa sura mpya karibu kila mwezi. Mtu asiyeongea, kila mara anaanza upya kufundisha mgeni kwamba akiziba masikio maana yake ni kelele zimemzidi. Wengine walidhani ni utundu.

13/ Hapo ndipo inaingia huduma ya kujisimamia. Wewe mwenye ulemavu, au mtu uliyemchagua akusaidie, unashika mamlaka mawili. La kwanza ni la mwajiri: unachagua mhudumu, unamfundisha, unampangia saa, na asipofaa unamwachisha. La pili ni la bajeti: unapewa kiwango cha mwaka na wewe unapanga kitumike vipi ndani ya kanuni. Kuna majimbo yanayotoa yote mawili, na mengine hutoa la kwanza tu.

14/ Mfano wangu wa kubuni, ndio tuone hesabu. Bajeti ni dola 40,000 kwa mwaka. Unaajiri mhudumu kwa dola 20 kwa saa, saa 30 kwa wiki, wiki 52. Hiyo ni 31,200. Mwajiri hulipa ushuru wa hifadhi ya jamii wa asilimia 7.65, takriban 2,387. Zinabaki kama 6,413: usafiri, masomo ya kuogelea, kifaa cha kumsaidia kuwasiliana. Ukimpandishia mhudumu mshahara, kuogelea kunapungua. Uamuzi ni wako, na uchungu wake pia ni wako.

15/ "Kwa hivyo wanapewa cheki ya elfu arobaini mfukoni?" Hapana. Kwa kawaida pesa hukaa kwa wakala wa malipo. Familia inapeleka saa zilizofanywa na risiti, wakala anakagua kama ziko ndani ya mpango ulioidhinishwa, ndipo analipa na kukata ushuru. Ukisikia mtu akisema ni pesa za bure, jua hajawahi kuona hizo fomu. Shangazi ana sanduku zima.

16/ Je, inafanya kazi? Mwishoni mwa miaka ya 1990 Arkansas, New Jersey na Florida zilijaribu. Waliojitolea waligawanywa kwa bahati nasibu: hawa wajisimamie, wale wabaki na wakala. Waliojisimamia waliridhika zaidi na wakakosa huduma mara chache zaidi, na afya yao haikuzorota kwa sababu hiyo. Arkansas gharama ya huduma za nyumbani ilipanda, sababu moja ikiwa kwamba wale wa wakala hawakuwa wakipata saa zote walizoidhinishiwa.

17/ Sasa midahalo yenyewe. Ya kwanza: kulipa wazazi. Kwa muda mrefu kanuni zilibana sana kumlipa mzazi wa mtoto mdogo, kwa hoja kwamba kulea ni wajibu wake. Mzazi wa mtu mzima ameruhusiwa katika majimbo mengi. Korona ilipoingia, majimbo kadhaa yalilegeza, na mengine yakaendelea hivyo. Anayepinga anauliza mpaka uko wapi. Anayeunga mkono anauliza: mama aliyeacha kazi kwa sababu hakuna mhudumu, anakula nini?

18/ Ya pili: wizi. Upo, tusidanganyane. Mtu anaandika saa ambazo hakufanya. Sheria ya mwaka 2016 ililazimisha majimbo kuweka mfumo wa kielektroniki wa kuthibitisha ziara: mhudumu ni nani, yuko wapi, ameanza na kumaliza saa ngapi. Watetezi wanalalamika kwamba mfumo unaweza kugeuka kuwa wa kumfuatilia mtu mwenye ulemavu kila aendako. Pande zote mbili zina hoja, na huwezi kuimaliza kwa kupiga kelele.

19/ Ya tatu ndiyo inanisumbua zaidi. Kujisimamia ni kazi ya ofisi bila mshahara. Unatafuta watu, unajaza fomu, unasuluhisha ugomvi, mhudumu akikosa kuja saa kumi na mbili asubuhi, wewe ndiwe ofisi. Familia yenye muda, masomo na Kiingereza cha kanuni inafaidi haraka. Mama wa zamu mbili aliyehamia juzi anaambiwa "una uhuru wa kuchagua" na anabaki ameshika karatasi.

20/ Ya nne: nani atafanya hiyo kazi? Mishahara ya wahudumu ni ya chini na watu wanaondoka. Bajeti yenye saa 30 ambazo hakuna mtu wa kuzijaza ni namba tu. Hapa ndipo Wakenya wa huko wanaingia kwenye mjadala, wapende wasipende. Kiwango cha malipo ambacho jimbo linaweka ndicho kinachoamua kama shangazi wa mtu atatuma karo nyumbani Januari.

21/ Ya tano: kupunguza bajeti. Sheria iliyosainiwa Julai 2025 inatarajiwa kupunguza matumizi ya shirikisho kwa Medicaid kwa mamia ya mabilioni ya dola ndani ya miaka 10. Mwanasiasa anaweza kusema kweli kabisa, "Hatujagusa watu walio na ulemavu." Lakini rudi kwa namba 9. Jimbo likibanwa, haliwezi kukata kilicho haki. Litaangalia kilicho ruhusa: nafasi, saa, viwango vya malipo. Hakuna atakayepiga kura ya kumtoa binamu yangu. Atabanwa tu, kidogo kidogo.

22/ Na kuna mtego mwingine ambao hautajwi sana. Weiva haihami. Mwaka jana shangazi alipata kazi nzuri zaidi jimbo jirani. Kuhama kungemaanisha binamu aombe upya huko, mwisho wa foleni. Nikamuuliza kwa simu ameamuaje. Akacheka kidogo, akaniambia, "Mwanangu, mimi niko huru kwenda popote. Yeye ndiye amefungwa na mpaka, na mimi nimefungwa naye." Hakuhama.

23/ Maoni yangu, na unaweza kuyakataa. Kujisimamia ni kitu kizuri. Leo binamu ana mhudumu mmoja aliyemchagua mwenyewe: walijaribu watatu, na huyo ndiye aliyemshika mkono akampeleka kwenye kiti chake. Lakini uchaguzi unaanza baada ya kuingia mlangoni. Mjadala unaomaliza saa nzima ukibishania nani ashike usukani, bila kugusa wangapi wameachwa stejini, umekwepa swali.

24/ Kwetu? Inua Jamii hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya iliyo na mtu mwenye ulemavu mkubwa. Hizo ni pesa taslimu, si mhudumu, na mifumo hii miwili haifanani. Lakini maswali matatu yanavuka bahari. Mgombea akikuahidi kitu kwa watu walio na ulemavu, muulize: Ni haki, au ni nafasi zenye kikomo? Nani anaamua itumike vipi? Nani atafanya kazi hiyo, na kwa mshahara gani?

25/ Akijibu la pili peke yake, hajajibu. Mwisho wa uzi. Kama una mtu wa kwenu anayefanya hii kazi majuu, mtumie, na umuulize jimbo lake likoje. Maswali weka hapa chini, nitajibu nikitoka darasani kesho.