Mji wa Kustaafu Uuchague kwa Magoti

Mzee mmoja, mhandisi mstaafu, aliletwa kwangu na mkewe akilalamikia goti la kulia. Miaka mitatu nyuma alikuwa amemaliza kujenga nyumba aliyoiwaza tangu ujana, juu ya Lushoto, upande wa Irente, pale milima ya Usambara inapokatika ghafla ukaona tambarare za Mombo na Mazinde zimelala mamia ya mita chini yako. Aliifuata milima kwa sababu alipenda kutembea. Kutoka barabarani hadi mlangoni pake kulikuwa na vidato vya udongo vya kushuka, na mwaka wa kwanza aliviona ni mazoezi ya bure. Nilipomuuliza siku hizi anatembea wapi, mkewe ndiye aliyejibu: "Anatembea barazani."

Mimi kazi yangu ni fiziotherapia. Nimeshika magoti, nyonga na migongo ya wastaafu wengi kiasi cha kuweza kusema jambo ambalo madalali wa viwanja hawalipendi. Mtu anayetaka kumalizia umri wake penye milima, bahari au ziwa ili afurahie maisha ya nje, asianze na mandhari. Aanze na umbali na mteremko uliopo kati ya mlango wake na mahali anapopapenda.

Mtumishi wa umma Tanzania anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akifika 60. Kiinua mgongo huingia wakati mwili bado una nguvu, kwa hiyo anayekwenda kukagua kiwanja ni mtu wa miaka 60 anayeruka mitaro. Atakayeishi ndani ya nyumba ile kwa muda mrefu zaidi ni mtu wa 70, kisha wa 75, na huyo hakushirikishwa wakati wa kununua.

Wengi hudhani adui wa goti ni kupanda. Kupanda kunachosha mapafu na moyo, lakini goti linateswa zaidi na kushuka. Unapopanda, msuli mkubwa wa mbele ya paja hujikunja na kuusukuma mwili juu. Unaposhuka, msuli uleule hufanya kazi ya breki: unavutika kurefuka huku ukizuia uzito wako usiporomoke. Kazi hiyo ya breki ndiyo inayouchanachana msuli usiozoea, na ndiyo sababu maumivu huja kesho yake, si siku ileile. Kwenye ngazi, pia ya goti hugandamizwa kwenye mfupa wa paja kwa nguvu inayokaribia mara tatu ya uzito wa mwili. Gegedu lililokwisha kulika halina pa kuficha mzigo huo. Tena misuli nayo haikai ilivyo. Baada ya miaka 50 hupungua kidogo kidogo kila mwaka, na nguvu hutangulia kwisha kabla ya unene wa paja kuonekana umepungua.

Kipimo cha nyumbani hakina gharama. Chukua kiti kisicho na mikono, kaa katikati, kunja mikono kifuani, kisha simama na kukaa kwa sekunde 30 ukihesabu mara unazosimama. Kwa mtu wa miaka 60 hadi 64, mwanamume akishindwa kufikisha 14, au mwanamke 12, miguu yake ni dhaifu kuliko ya wenzake wengi. Mwenye 75 hadi 79 husamehewa kidogo: 11 kwa mwanamume, 10 kwa mwanamke. Kabla hujampigia dalali simu, fanya jaribio hili.

Lushoto yenyewe siikatai, naipenda. Mji uko kwenye takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa joto hushuka nyuzi 6 hivi kila ukipanda mita 1,000, unapotoka Mombo na kupanda kona za kilomita 33 unajikuta umeacha jasho chini na unatafuta sweta. Kuna plamu na mapichi sokoni, kuna msitu wa hifadhi asilia wa Magamba wenye mbega na ndege wasiopatikana popote pengine duniani isipokuwa Usambara. Wagonjwa huniambia baridi ya Juni na Julai italeta ugonjwa wa viungo. Hapana. Viungo vilivyokwisha kuumwa vinaweza kukakamaa zaidi asubuhi ya ukungu, lakini baridi haili gegedu la mtu. Tatizo la Lushoto ni moja tu: watu wa mijini hununua kingoni, kwenye mandhari, badala ya bondeni, karibu na soko na stendi. Ukikaa bondeni unatoka asubuhi na bakora yako, unatembea barabarani kwa mwendo wa wastani, unapanda tu siku unayojisikia, na ukichoka bodaboda iko karibu. Hata hivyo bodaboda yenyewe iombe iende taratibu. Nyonga ya mzee inavunjika kwa anguko ambalo kijana angejipangusa vumbi akaendelea na safari.

Uchagani ndiko nilikopata darasa zuri kuliko yote, na walionifundisha hawakuwa madaktari. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, Marangu na majirani zake, Wachaga walichimba mifongo, mifereji ya kuleta maji kutoka mitoni hadi kwenye migomba na kahawa. Maji ya mfongo hayawezi kuporomoka, yangekata udongo. Kwa hiyo waliochimba waliufuata ubavu wa mlima kwa mteremko mdogo sana, na kando ya mfereji kukawa na kijia cha wanaousafisha. Kwa goti la mtu wa miaka 70 hakuna barabara bora kuliko kijia kama hicho. Uko mlimani, kwenye kivuli cha migomba, maji yanatiririka pembeni, na bado unatembea karibu na tambarare. Lakini usitegemee kupata kihamba. Kihamba ni cha ukoo, kinarithiwa, na mgeni anayeuziwa kimoja haraka haraka ana sababu ya kuogopa. Wengi hukaa chini zaidi, karibu na Moshi au Himo, wakapanda kwa gari asubuhi mbili tatu za wiki.

Bahari ni habari nyingine, na kwa viungo ni rafiki mkubwa. Mtu aliyesimama ndani ya maji yanayomfika kifuani hubeba kwa miguu yake theluthi hivi ya uzito wake; uliobaki wote unabebwa na maji. Nimeona kina mama wasioweza kumaliza mtaa mmoja kwa miguu wakitembea nusu saa nzima baharini bila kulalamika. Lakini anayetoka bara asidhani bahari ipo pale pale kila saa. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, huja bamvua: kwenye pwani yetu maji hupanda na kushuka mita 3 hadi 4, na yakitoka hutoka mbali, ukabaki na tope na miamba. Mwezi ukiwa nusu, maji huwa mafu, tofauti hupungua, na kuoga ni rahisi. Mstaafu wa Pwani hana budi kuwa na kalenda ya mwezi ukutani. Saa yake ya kuogelea husogea kila siku kwa muda wa karibu dakika 50.

Mji ninaoufikiria hapa ni Pangani, mdogo, wa kale, wenye kivuli cha miti na watu wanaosalimia. Uko mlangoni mwa mto uleule unaokusanya maji ya Kilimanjaro na Usambara, na mto huo huleta tope. Isitoshe, maji yakianza kutoka wakati wa bamvua, mkondo wa mlangoni una nguvu ambazo mwogeleaji wa miaka 70 hawezi kupambana nazo. Wenyeji huvuka kwa kivuko hadi Bweni, wakaendelea kusini mpaka Ushongo, ambako mchanga ni msafi na hakuna mkondo wa mto. Kaskazi likivuma, Desemba hadi Machi, joto la mchana si la kujaribu. Mwili uliozeeka hutoa jasho kwa kuchelewa, na kiu huja baada ya maji kuwa yameshapungua. Wazee wa Pwani wanaotoka mara baada ya swala ya alfajiri na kurudi kabla ya saa mbili hawakusoma haya popote.

Palepale Pangani iko hadithi ya ardhi ambayo kila mnunuzi wa kiwanja cha ufukweni angeisikia kwanza. Nje ya mji kuna Maziwe, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 1975. Kilikuwa kisiwa chenye mivinje, na kasa walipanda kutaga. Leo ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakitoka. Ufuko unahama. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka bahari, mto au ziwa, na mtu akikuonyesha kiwanja ambacho mawimbi yanakilowesha ngazi, muulize kwanza kipimo hicho kilihesabiwa kutoka wapi.

Kwa wasomaji wa Kenya wanaoniuliza, Naivasha ina kitu adimu: tambarare nzuri yenye mandhari. Hifadhi ya Hell's Gate, iliyoanzishwa mwaka 1984, inaruhusu watu kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli kati ya pundamilia na majabali, na sehemu kubwa ya njia haina mlima. Baiskeli haina shida na goti, mradi kiti kiwe juu vya kutosha mguu ukaribie kunyooka chini. Ila ufuo wa ziwa una viboko usiku, na kina cha maji katika miaka ya karibuni kimepanda kikafika kwenye nyumba za watu. Nanyuki ni kuzuri pia kwa wenye mapafu na moyo mzima. Kwenye mita 1,900 na kitu, shinikizo la hewa limebaki takriban asilimia 80 ya lile la Mombasa. Mwenye moyo dhaifu aende wiki mbili kwanza, alale huko, aone anavyopumua usiku.

Sasa hospitali, ambayo katika mazungumzo ya kustaafu hutajwa mwisho kwa sababu inaharibu ladha ya chai. Nina namba moja ninayomwachia kila mgonjwa: saa nne na nusu. Kiharusi kinachotokana na damu kuganda kina dawa ya kuyeyusha donge, lakini inatakiwa iingie mwilini ndani ya muda huo tangu dalili zianze, na kabla yake lazima picha ya CT ihakikishe si kiharusi cha kuvuja damu. Hesabu ianze pale mdomo unapopinda, si pale gari linapopatikana. Toka Lushoto ushuke zile kona hadi Mombo usiku, mvua ikinyesha, kisha uendelee hadi hospitali ya Bombo, Tanga, au ya KCMC, Moshi. Kutoka Marangu hadi Moshi ni kilomita 40 hivi za lami. Tofauti hiyo ina uzito kuliko maporomoko yote ya maji ya nchi hii. Nenda kwenye hospitali ya mji unaoutaka, uliza mapokezi: CT iko wapi iliyo karibu, na jana ilikuwa inafanya kazi? Swali la pili ndilo lenye jibu.

Na tukishasema hospitali, tuseme mazoezi yanayokuepusha nayo. Shirika la Afya Duniani linawataka wenye miaka 65 na zaidi watembee, waogelee au waendeshe baiskeli kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, wakiongeza mazoezi ya nguvu na ya mizani ya mwili siku tatu au zaidi. Gawanya 150 kwa siku tano: nusu saa. Ukipigia hesabu hiyo kila mji, utaona haraka kwamba mlima unaoupanda mara mbili kwa mwaka wageni wakija haukusaidii kitu. Kijia cha nusu saa kinachoanzia langoni mwako, chenye mtu wa kusalimiana naye njiani, ndicho kitakachokufikisha 80 ukiwa na miguu yako.

Nasisitiza huyo mtu wa kusalimiana naye. Matembezi ya peke yako hukatika mwezi wa pili. Nimewauliza wastaafu walioacha kutembea wakaniambia goti, wakaniambia mvua, kisha baada ya dakika kumi wakakiri kwamba rafiki waliyekuwa wakitembea naye alihamia kwa watoto wake Dar es Salaam.

Kwa hiyo ninawapa wagonjwa wangu sharti moja. Panga chumba kwa miezi miwili, Aprili na Mei, masika yakiwa yamekolea, wakati hakuna anayepiga picha. Usijenge, usilipe hata arbuni. Tembea hadi dukani kununua mkate kila asubuhi kwenye utelezi. Hesabu ni siku ngapi umeme unakatika na siku ngapi barabara inaziba. Panda gari la kwenda hospitali ya rufaa siku usiyoumwa, saa mkononi. Ikiwa ni pwani, zijue bamvua mbili tatu kabla hujanunua taulo.

Mhandisi wangu amepanga vyumba viwili bondeni, dakika sita kutoka soko la Lushoto. Nyumba ya ukingoni ameiachia binti yake, ambaye huja na wenzake mwisho wa mwezi kuangalia jua likizama. Mara ya mwisho alipofika kliniki nilimpa kiti. Alisimama mara kumi na moja, akaomba tuhesabu upya.