Msomaji, habari zako umezihifadhi wapi?

Ikiwa wewe ni mwanafunzi wa chuo, au mzazi anayependa kujua yanayotokea ulimwenguni, bila shaka umechoka kufungua tovuti kumi kila asubuhi ili kuona iwapo kuna jipya. Wengi wamekata tamaa, sasa wanangoja tu kile watakacholetewa na Facebook au kikundi cha WhatsApp. Huko ni kupakuliwa chakula na mtu mwingine: unakula anachopenda mpishi.

Kuna njia nyingine, wala si ngeni. Mnamo Machi 1999 kampuni ya Netscape ya Marekani ilitoa mfumo uitwao RSS. Tovuti huweka faili ndogo yenye vichwa vya habari zake mpya, nayo programu maalumu huipitia faili hiyo mara kwa mara na kukuletea kilichoongezeka. Magazeti mengi na majarida ya kisayansi bado yana faili hizo. Hata podikasti husambazwa kwa njia iyo hiyo.

Swali linalowatatiza wengi ni hili: programu hiyo uiweke ndani ya kompyuta yako, au utumie huduma iliyoko kwenye intaneti?

Tuanze na ya kompyuta. Thunderbird, ambayo wengi huijua kwa barua pepe, husoma RSS bila malipo. Mwenye Mac anayo NetNewsWire, iliyoanza mwaka wa 2002, nayo ni ya bure. Habari zikishashuka hukaa kwenye diski yako. Unaweza kuzivuta ukiwa maktabani ambako intaneti hailipiwi, kisha ukazisoma jioni nyumbani bila kugusa bando. Kwa anayenunua bando la kila siku, hilo si jambo dogo. Tena hakuna kampuni iliyokaa katikati ikiandika orodha ya unayoyasoma.

Kasoro yake ni kwamba hukusanya habari kompyuta inapokuwa imewashwa tu. Faili ya RSS kwa kawaida hubeba habari za karibuni pekee. Mpya zikiingia, za zamani hutoka. Ukienda mashambani wiki mbili ukaiacha kompyuta imezimwa, utarudi ukute mengi ya gazeti lenye shughuli nyingi yamekupita.

Huduma za intaneti kama Feedly, Inoreader na The Old Reader hazina shida hiyo, kwa maana mitambo yao hailali. Unasoma nusu kwenye simu, unamalizia kwenye saiba, na pale ulipoachia panajulikana. Asiye na kompyuta yake mwenyewe hana haja ya kusumbuka kuchagua: hii ndiyo yake. Ila ukiwa saiba, funga akaunti kabla hujainuka kitini. Ujue pia kuwa toleo la bure huwa na mipaka.

Hatari kubwa iko kwingine. Google Reader ilizinduliwa Oktoba 2005 ikapendwa mno, hata wengi wakasahau kwamba kuna nyingine. Machi 2013 Google ikatangaza kuwa watumiaji wamepungua, na tarehe 1 Julai mwaka huohuo huduma ikafungwa. Ambaye kufikia katikati ya mwezi huo hakuwa ameichukua orodha ya tovuti zake, aliipoteza. Hata programu ya kompyuta iitwayo FeedDemon ilikoma mwaka huo, kwa kuwa ilikuwa ikiitegemea Google Reader kulinganisha yaliyosomwa. Kwa hivyo usidhani kuwa kuwa na programu nyumbani kunatosha. Uliza imeegemea nini.

Maoni yangu ni haya. Mwenye kompyuta yake aiweke humo. Familia inayotumia kompyuta moja itaelewana zaidi kwa huduma ya intaneti, kila mtu na akaunti yake, maana baba wa kandanda na binti wa udaktari hawawezi kuchanganyiwa habari pamoja.

Vyovyote utakavyochagua, kabla ya kuongeza tovuti ya kwanza tafuta sehemu ya kutolea orodha. Itakupa faili iitwayo OPML, ambayo programu nyingi za aina hii huipokea. Ihifadhi kwenye flashi kila baada ya miezi michache. Orodha ya tovuti mia moja haifikii hata ukubwa wa picha moja ya simu.