Beji za Wazee Zisitiwe Tindikali

Tumeletewa kutoka Nyarugusu beji ndogo ya shaba, upana wake hauzidi vidole vitatu. Mwenye nayo aliikuta katika sanduku la marehemu babu yake. Kabla haijatufikia ilikwisha kupita mikononi mwa wanunuzi wawili wa dhahabu. Wa kwanza aliikwaruza kwa tupa, wa pili akaidondoshea tindikali. Ilipobainika kuwa si dhahabu, ikarudishwa kwa dharau. Akatokea bwana wa tatu, akanong'ona kwamba hiyo ni alama ya mali ya Mjerumani, na akataka aonyeshwe mahali pa kuchimba.

Twasema wote watatu walikosea, na makosa ya namna hii yanatupotezea mengi.

Beji ile ina sura ya baragumu lenye kamba, na katikati ya kamba pana tarakimu 6. Baragumu ni alama ya zamani ya vikosi vya bunduki vya Waingereza, na kwa sababu hiyo ilikuwa pia alama ya King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wetu walilitaja kwa jina la Keya. Baragumu peke yake halitoshi, maana lilivaliwa hata na vikosi vya kwao Ulaya. Tarakimu ndiyo yenye kusema. Keya iliundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Nyasa, Kenya na Uganda. Kikosi cha 6 kikawa cha Tanganyika, kilipoundwa upya mwaka 1917, na askari wake wengi wa mwanzo walikuwa wamemtumikia Mjerumani. Kwa hiyo si ajabu kukuta katika sanduku moja baragumu la Mwingereza na tai wa Kijerumani aliyebandikwa kwenye tarbushi. Mzee huyo hakuwa mwizi wa beji. Alibadilishiwa bwana tu.

Katika Vita Kuu ya Pili vikosi viliongezeka, na tarakimu zikawa mbili. Hapo msomaji asichanganyikiwe: 26 si ishirini na sita, bali ni kikosi cha pili cha ile 6, na 36 ni cha tatu. Tarakimu ya mwisho ikiwa 4, mzee alikuwa na watu wa Uganda. Ikiwa 2, mara nyingi alikuwa na watu wa Nyasa. Kikosi cha 36 kilikwenda Burma katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopigana katika bonde la Kabaw mwaka 1944. Alama ya divisheni hiyo ilikuwa kichwa cha kifaru. Kitambaa kilichochakaa chenye kifaru, ambacho bibi amekifanya kiraka, huenda kimefika mbali kuliko yeyote katika ukoo.

Kichwa cha twiga kilikuwa nembo ya Tanganyika chini ya Waingereza, nacho hupatikana zaidi kwenye beji za polisi. Kama juu yake pana taji, litazamwe matao yake. Taji la wafalme limeinuka kama mgongo wa kobe. Lile la Malkia Elizabeth, aliyetawala tangu 1952, limebonyea katikati. Beji za ukosi ni ndogo kuliko za kofia, na kwa kawaida huwa jozi: mnyama wa kulia na wa kushoto hutazamana. Ukiwa na mmoja, mtafute mwenzake kabla ya kufunga sanduku.

Lakini jambo ambalo wengi hawalifanyi ni kuigeuza beji. Beji iliyopigwa kwa mashine huonyesha nyuma mashimo yanayofuata sura ya mbele, pamoja na ulimi wa kuchomeka kwenye kofia au vikuku viwili vya kupitishia pini. Iliyomiminwa katika kalibu ya mchanga huwa nzito, yenye vijitundu, na mistari yake imefifia. Wauzaji huiita hii ya bandia. Sisi hatukubali upesi hivyo, kwa kuwa wakati wa vita mafundi wa huku nao walimimina beji, na askari walizivaa kweli.

Wapo wanaozificha kwa hofu ya kukutwa na vitu vya jeshi. Hofu hiyo ina sababu, kwani raia haruhusiwi kuvaa sare za Jeshi la Wananchi. Lakini beji ya Keya ni ya jeshi lililokwisha. Mwaka 1961 vikosi vya Dar es Salaam na Tabora viligeuzwa kuwa Tanganyika Rifles, nayo ikavunjwa baada ya maasi ya Januari 1964.

Kwa hiyo beji isifutwe kwa dawa ya kung'arishia shaba, wala isipigwe tupa. Ifutwe vumbi kwa kitambaa kikavu, ipigwe picha mbele na nyuma kando ya rula, na jina la mzee liandikwe pamoja na kijiji chake, ilhali bado wapo wanaolikumbuka. Picha hizo zapelekwa Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam. Beji yenyewe ibaki nyumbani. Hii ya Nyarugusu imekwisha kurudi kwa mwenyewe, na alama ya tupa ubavuni.