Aliyewaimbia Wajerumani bila Kujua Kijerumani

Waama, si jambo la kawaida mtu kupata sifa na riziki kwa lugha asiyoifahamu. Hata hivyo, ndivyo alivyofanya Roger Whittaker, mwimbaji aliyezaliwa Nairobi mnamo Machi 1936 na kuaga dunia nchini Ufaransa mnamo Septemba 2023. Wakenya wengi humkumbuka kwa wimbo wake wa kuisifu nchi hii, "My Land Is Kenya", uliovuma katika miaka ya themanini. Ni wachache wajuao kwamba huko Ujerumani alikuwa na jina kubwa kwa nyimbo za Kijerumani, ilhali Kijerumani chenyewe hakukijua.

Whittaker alikuwa mwana wa Waingereza waliohamia Kenya. Alisoma katika Prince of Wales, ambayo leo ni Nairobi School, na akawa mwalimu kabla ya kwenda Uingereza mwaka 1959. Alisomea sayansi katika chuo kikuu cha Bangor, Wales, na hatimaye muziki ukamteka. Wimbo wake "The Last Farewell" wa mwaka 1971 ulimpa umaarufu wa dunia nzima. Tusisahau pia kwamba katika ujana wake alihudumu katika Kenya Regiment, kikosi cha mkoloni, wakati wa vita vya Mau Mau. Kwa hiyo simleti hapa kama shujaa wa kuigwa katika kila jambo. Namleta kwa sababu kisa chake kina funzo kwetu sisi tunaofundisha na tunaosoma kwa lugha zisizokuwa zetu.

Kazi yake ya Kijerumani ilikwenda hivi: nyimbo zilitungwa kwanza kwa Kiingereza, kisha Nick Munro akazigeuza kuwa Kijerumani. Whittaker akajifunza sauti za maneno moja baada ya jingine, akayatamka jinsi yalivyopasa kusikika, na kuyaimba. Mwaka 1979 ikatoka albamu iliyoitwa "Mein deutsches Album", na muda mfupi baadaye wimbo "Albany" ukapendwa mno. Wahakiki walizibeza nyimbo hizo, lakini wasikilizaji walizinunua, naye akaendelea kuwatolea albamu nyingi kwa lugha yao.

Ndugu msomaji, hapo ndipo fikira zangu zinaporudi hapa Bulla Pesa. Katika mtaa huu wa Isiolo, darasa moja huweza kuwa na watoto wa Kiborana, Kisomali, Kiturkana, Kisamburu na Kimeru. Aghalabu nimemsikia mtoto akisoma kifungu cha Kiingereza kwa sauti nzuri, bila kukwama. Ukimwuliza alichokisoma kina maana gani, hutazama chini. Ametamka yote na hakupata lolote. Wageni husifu ufasaha wake, na sisi walimu huona fahari.

Kuna atakayesema kwamba mtoto huyo na Whittaker wako sawa, na kwamba ikiwa mmoja alifaulu kwa kukariri sauti, kwa nini mwingine asifaulu? Hoja hiyo haisimami. Whittaker hakujua Kijerumani, lakini alijua alichokuwa akikiimba. Maana alikuwa nayo tangu awali kwa Kiingereza, lugha yake mwenyewe, na kati ya lugha hizo mbili palikuwa na mfasiri. Alichoazima ni sauti tu. Mtoto wetu hupewa sauti peke yake. Hana maana aliyoitanguliza, wala hana mtu wa kumvusha.

Kukariri si dhambi. Mlango wa lugha ni matamshi, na kila aliyejifunza lugha alianza kwa kuiga. Kosa ni kumwacha mtoto mlangoni, kisha kumwita mwenyeji wa nyumba.

Dawa yenyewe si ngeni. Tume ya Gachathi ilipendekeza mwaka 1976 kwamba madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha itumikayo mahali shule ilipo. Penye makabila mengi kama hapa kwetu, lugha hiyo ni Kiswahili, ambacho Katiba ya 2010 imekifanya lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Najua wazazi wengi huogopa. Husema kwamba mitihani imeandikwa kwa Kiingereza, na mtoto anayecheleweshwa na Kiswahili au Kiborana ataachwa nyuma. Hofu yao ina msingi, kwani maisha ya mtoto huamuliwa na karatasi hizo. Lakini mtihani hauulizi matamshi. Huuliza maana, na maana haipandwi kwa lugha ambayo mtoto hajaipata.

Liko na funzo la pili. Whittaker angeweza kuwauzia Wajerumani nyimbo zake za Kiingereza. Aliona afadhali ataabike kutamka maneno magumu ili msikilizaji aambiwe kwa lugha ya moyo wake. Ikiwa mfanyabiashara wa nyimbo alimheshimu mnunuzi kiasi hicho, je, sisi tunamheshimu mzazi wa Bulla Pesa tunapomwita mkutanoni na kumhutubia kwa Kiingereza kuhusu mwanawe? Hutikisa kichwa kuafiki, kisha hurudi nyumbani bila kujua alichoafiki.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, mtoto akishasoma kifungu kwa ufasaha, tusikimbilie kumpigia makofi. Tumwulize: hapa pamesemwa nini? Tumruhusu ajibu kwa lugha yoyote aliyo nayo, na mwenzake amfasirie ikiwa sisi hatuijui. Nanyi wanafunzi, msione haya kuuliza maana ya neno mlilokwisha kulitamka vizuri. Kasuku naye hutamka vizuri.