Jani Halina Likizo: Wachuuzi wa Miraa wa Maua na Watoto Wao Walio Shuleni

Mtu atokaye mji wa Meru akielekea kaskazini mashariki hupanda vilima vya Nyambene kwa mwendo wa kilomita 60 hivi, akipita mashamba ya chai na migomba, hata afike Maua. Mji huo una hospitali ya Wamethodisti ijulikanayo tangu zamani, una shule na maduka, lakini jina lake limefika mbali kwa sababu ya mmea mmoja, nao ni miraa. Miraa ya Igembe huliwa Nairobi, Isiolo, Garissa, Mombasa na Malindi, na nyingine hupelekwa kwa ndege hata Mogadishu. Na karibu katika kila mji wa Kenya inakouzwa, hupatikana pia mtu wa Igembe au wa Tigania aliyeifuata huko, akapanga chumba, akafungua kibanda, na miaka ikapita.

Maneno haya hayahusu uzuri wala ubaya wa miraa. Mabishano hayo yana wenyewe, nayo ni marefu. Habari hii ni ya hao waliosafiri: jinsi baba akaaye Malindi miezi kumi ya mwaka awezavyo kuwa baba wa mtoto asomaye Igembe, Chuka au Embu.

Chanzo cha shida yao ni jani lenyewe. Kahawa huweza kungoja ghalani, na mahindi hungoja zaidi, miraa haingoji. Ikisha kuchumwa huanza kupoteza nguvu, na baada ya siku mbili au tatu haina thamani. Kwa hiyo huchumwa asubuhi, huchaguliwa, hufungwa mafungu na kuviringishwa katika majani ya mgomba ili isinyauke, kisha hupakiwa katika magari yaendayo mbio sana. Wakaao kando ya barabara ya Embu wayajua magari hayo vizuri, na mwenye ng'ombe huwaondoa barabarani mapema. Kutoka Maua hadi Nairobi ni karibu kilomita 300, na hadi Mombasa ni zaidi ya 700. Mzigo ukifika pwani, mwenye kibanda sharti awe tayari kuupokea, kwa maana iliyolala huuzwa kwa bei ya kutupa. Kesho yake mzigo mwingine waja, na Jumapili vilevile.

Shule nayo ina kalenda yake. Mwaka wa masomo katika Kenya una mihula mitatu, na katika shule nyingi za bweni wazazi hualikwa kuwazuru watoto, aghalabu siku ya Jumamosi au Jumapili. Siku hiyo si ya kula chapati na kuku tu chini ya mti, ijapokuwa watoto wengi hawangekubali jambo hilo liitwe dogo. Ndiyo siku mzazi anapoonana na mwalimu wa darasa, akatazama alama za mtihani, akasikia kama mtoto ameanza kukosa masomo, na akaulizwa habari za karo iliyobaki.

Ebu na tumfikirie mtu mwenye kibanda huko Malindi, ambaye binti yake yuko shule ya bweni upande wa Chuka. Ili awe langoni mwa shule Jumamosi asubuhi, hana budi kuondoka Malindi Alhamisi jioni au Ijumaa alfajiri. Akirudi, huenda ikawa ni Jumatatu. Hizo ni siku tatu au nne ambazo mzigo wake hauna mpokeaji, na wateja wake waliomzoea hununua kwa jirani. Mteja wa miraa akisha kumzoea mwuzaji mwingine, si rahisi kumrudisha. Tena nauli ya kwenda na kurudi, pamoja na sabuni, dawa ya meno na biskuti atakazochukua mtoto, ni fedha ambazo zingeongezwa katika karo. Hesabu hiyo ndiyo inayowafanya baba wengi wakae, wakatuma fedha tu.

Na kutuma fedha kumekuwa rahisi mno. Kabla ya mwaka 2007, M-Pesa ilipoanza, fedha za karo ziliweza kutumwa kwa mkono wa dereva au wa mtu wa nyumbani aendaye likizo, na mara nyingine aliyetuma aliomba Mungu tu zifike. Siku hizi karo hulipwa kwa simu kabla mwenye kibanda hajamaliza kikombe chake cha chai. Faida yake ni kubwa, wala hakuna atakaye kurudi nyuma. Walakini urahisi huo umewapa baadhi ya wazazi udhuru mzuri. Stakabadhi ya karo haimwambii baba kwamba mtoto amekonda, au kwamba hataki kumtaja mwalimu fulani. Jambo la kustaajabisha ni kwamba miraa ya baba hupita karibu na shule hiyo kila siku ya Mungu, ikielekea Nairobi, lakini baba mwenyewe hapiti.

Waliofaulu kuliko wengine ni wale wafanyao kazi kwa zamu. Ndugu wawili, au marafiki wa rika moja, hushirikiana kibanda kimoja. Mmoja akiwa pwani, mwingine yuko nyumbani akiangalia mashamba na kupeleka mzigo, na baada ya muda hubadilishana. Wenye busara zaidi hupanga zamu zao kwa kufuata tarehe za mihula, ambazo Wizara ya Elimu hutangaza mapema, badala ya kufuata msimu wa bei. Si jambo jepesi. Wakati wa ukame miraa huwa haba na bei hupanda, na aliye kibandani wakati huo huona uchungu kumwachia mwenziwe. Ushirika mwingi umevunjika hapo.

Ambako hakuna zamu, mzigo wote humwangukia mama aliyebaki, au nyanya. Yeye ndiye akatae au akubali bei ya mnunuzi shambani, ndiye apike, ndiye aende shuleni. Lakini hatari kubwa zaidi ni ya mtoto wa kiume asomaye shule ya kutwa karibu na nyumbani. Mvulana mwepesi hupanda mti wa miraa kwa urahisi, na mchumaji hulipwa papo hapo. Walimu na wazee wa Nyambene wamelia kwa miaka mingi juu ya wavulana waachao masomo kwa ajili ya fedha hizo. Baba angekuwapo angeweza kusema neno. Kwa simu kutoka Malindi, mvulana mwenye fedha yake mfukoni husikia nusu yake.

Tena safari zenyewe hazina uhakika. Uholanzi ilipiga marufuku miraa mwaka 2013, Uingereza ikafuata Juni 2014, na soko la Somalia lilifungwa Machi 2020 hata Julai 2022. Mei 2024 ilikuwa zamu ya muguka wa Embu: kaunti za pwani, Mombasa na Kilifi miongoni mwao, zilitangaza marufuku, na siku chache baadaye mahakama ikaisimamisha. Muhula wa pili ulikuwa umekwisha kuanza, na karo haikungoja hukumu.

Wako walioigeuza safari. Badala ya baba kupanda Nyambene, mtoto ndiye ashukaye pwani wakati wa likizo ya Agosti au ya Desemba, akakaa na babaye majuma mawili katika chumba cha kupanga. Asubuhi baba hupokea mzigo wake. Adhuhuri, kabla wateja hawajawa wengi, hutazama madaftari ya mtoto. Siku moja humpeleka Mombasa kuona feri ya Likoni na Fort Jesus. Kibandani humpeleka kwa nadra, na hapo humkalisha nyuma, mbali na vifungu na mbali na sanduku la fedha.