WAGENI WANAPOTEMBEZWA MTAANI JIONI: KIKUNDI KIULIZE NINI?



Safari hii sitaandika juu ya mbuzi wa maziwa wala matangi ya maji. Nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo limefika mitaani kwetu, na kama halijafika huko kijijini, basi liko njiani. Ni hawa wageni wanaolipa pesa ili watembezwe kwa miguu, waone jinsi watu wanavyoishi. Kwetu lilikuja na kivumbi zaidi kwa sababu wageni walitaka kuja jioni, saa zile mtaa umechangamka, waone vibanda vya nyama, baa na mahali pa pombe.

Lilianza hivi. Kuna kikundi cha kina mama 14 ninachofanya kazi nacho. Wengi wao hupika chapati, samaki na mutura karibu na barabara ya Naivasha. Siku moja wakaja ofisini wote pamoja saa tisa mchana, jambo ambalo si kawaida, maana hiyo ndiyo saa ya kukanda unga. Kijana mmoja wa mtaani alikuwa amewaendea na maneno matamu. Alipojitambulisha alisema, "Mimi ni gaidi," akimaanisha yule kiongozi wa watalii. Mama mmoja mzee akainua mwiko. Walipoelewana na kucheka, kijana akaeleza mpango wake. Kila Ijumaa jioni ataleta wageni kutoka steji ya 46 hadi upande wa Congo, watapita kwenye vibanda vyao, wataonja chakula, wataona pombe ya kienyeji inavyouzwa, kisha warudishwe hotelini.

"Nyinyi hamtafanya kitu, mama," akawaambia. "Mtapika tu kama kawaida."

Mweka hazina, mama ambaye hakumaliza darasa la saba lakini hesabu zake ni za kuogopwa, ndiye aliyeniuliza swali lililonikalia kichwani: "Madam, kama hatutafanya kitu, hao wageni wanalipia nini?"

Sikuwa na jibu. Nikaomba wiki mbili nikaangalie mambo haya yanavyofanyika kwingine.

Kwanza, si mambo mapya. Katika miaka ya 1880 matajiri wa London walikuwa wakitembezwa usiku katika mitaa ya maskini ya mashariki ya mji, wengine wakiwa na polisi wa kuwalinda, kuangalia walevi na nyumba za kulala za bei ya chini. Huko Rio de Janeiro, Brazil, matembezi ya kulipia katika mtaa wa Rocinha yalianza mwaka wa 1992. Katikati ya miaka ya 2000 yakaanza Dharavi, katika mji wa Mumbai, India. Hapo Dharavi kampuni ya Reality Tours iliweka sharti tangu mwanzo kwamba mgeni asipige picha njiani. Hilo nililiweka akilini.

Kwetu Kenya, Kibera ndiyo iliyotangulia kujulikana. Filamu ya The Constant Gardener, iliyotoka mwaka wa 2005, ilipigwa sehemu yake hapo. Mwaka wa 2006 Barack Obama, wakati huo akiwa seneta, alifika Kibera. Januari 2007 maelfu ya watu kutoka nchi nyingi walikuja Nairobi kwa Kongamano la Kijamii la Dunia, na wengi wao walitaka kuona mitaa ya mabanda. Vijana wenyeji nao wakaona kuna kazi hapo.

Lakini si kila mtu aliyefurahi. Mwezi wa Agosti 2010, Kennedy Odede, kijana aliyekulia Kibera na kuanzisha shirika la SHOFCO mwaka wa 2004, aliandika katika gazeti la The New York Times kupinga matembezi haya. Alieleza kwamba akiwa na miaka 16, siku moja akiosha vyombo nje ya nyumba yao, mwanamke mzungu alimpiga picha, na kabla hajapata la kusema yule mgeni alikuwa ameshapita. Hakumsalimia wala kumwuliza jina. Maoni yake ni kwamba mgeni hupata picha zake na mwenyeji hupoteza heshima yake.

Mimi nilikwenda Kibera mchana, nikalipa kama mtu mwingine yeyote, nikafuata kundi la wageni watano. Ukweli nitausema: kijana aliyetuongoza alikuwa hodari. Alizaliwa pale, akisalimiwa kila hatua tano. Tulipita soko la Toi, tukaona vijana wanaochonga mapambo kutokana na mifupa ya ng'ombe, tukapanda kwenye reli tukaona mabati yalivyojipanga hadi kule chini kwenye bwawa la Nairobi. Wageni walinunua mikufu, na fundi akapokea pesa mkononi mwake. Hapo sikuona ubaya. Fundi ana kitu anauza, mgeni ananunua, wanaagana.

Jambo moja lilinichoma. Kiongozi alisema Kibera ina watu milioni moja, na kwamba hakuna mtaa wa mabanda mkubwa kuliko huu Afrika. Wengi husema hivyo, na miradi mingi iliandikwa kwa hesabu hiyo. Lakini sensa ya mwaka wa 2009 ilihesabu watu 170,070. Hata ukidhani makarani waliruka nyumba nyingi, bado uko mbali sana na milioni. Nilimwuliza pembeni, akacheka: "Madam, nikisema laki moja na sabini wataona nimewaleta mahali padogo." Shida ndiyo hiyo. Anayelipwa kwa kuonyesha umaskini huanza kuupima, na usipotosha huuongeza.

Na historia yenyewe ya Kibera ni tamu kuliko hiyo milioni, hasa hii ya usiku. Tangu mwaka wa 1904 hivi, askari Wanubi wa jeshi la King's African Rifles walipewa mahali pa kukaa pale msituni. Pensheni hawakuwa nayo ya kutosha. Wanawake wao wakatengeneza pombe kali iliyojulikana mji mzima kama jini ya Wanubi, na wafanyakazi wa Nairobi wakawa wanakuja mwisho wa juma kuinunua. Serikali ya mkoloni iliipiga marufuku na haikuimaliza. Pombe hiyo ilijenga nyumba na kusomesha watoto. Kwa hiyo mgeni akikuuliza kwa nini mwanamke wa mtaa wa mabanda anauza pombe, jibu lina zaidi ya miaka mia moja: ni kazi ambayo haihitaji cheti, haihitaji tajiri wa kukuandika, na mtoto anaweza kulala nyuma ya pazia wewe ukifanya.

Basi nikarudi Kawangware, na Ijumaa iliyofuata nikatembea ile njia ya jioni na kijana wetu, bila wageni.

Wale msiojua mji wetu jioni, ni hivi. Kuanzia saa kumi na moja unusu watu wanashuka kutoka Lavington na Westlands, wapishi wa nyumba, walinzi, wajenzi. Wengi wanatembea kuokoa nauli. Barabara yote ni majiko. Mahindi yanachomwa, samaki wanarushwa kwenye mafuta, mutura unakatwa vipande vya shilingi kumi na ishirini, na hapo hapo mtu ananyoa nywele, mwingine anauza viatu vya mitumba kwa taa ya chaji. Makanga wanaita. Chumba cha kuonyesha mpira kimejaa hadi mlangoni. Hatua chache mbele kuna kanisa la mabati wakijiandaa kwa kesha, na spika zao zinashindana na za baa. Juu kabisa inawaka ile taa ndefu ya mlingoti tunayoiita mulika mwizi. Mimi nimekaa huku miaka mingi na bado napenda saa hiyo. Sioni kwa nini mgeni asiipende.

Tatizo lilianza tulipoiacha barabara na kuingia vichochoroni. Huko ndiko kijana alikotaka "kitu cha ukweli". Tukafika kwenye chumba cha mama pima, yule anayepima pombe kwa kikombe. Wanaume saba kwenye benchi, mmoja amelala. Mwenye chumba aliponiona alifunika mtungi kwa leso, akanivuta kando. Ni mwanachama wa kikundi chetu, na mimi sikujua. Kwenye mikutano amekuwa akisema anauza sukuma wiki.

"Madam," akaniambia, "mzee alipokufa nilianza hii. Binti yangu yuko shule ya bweni huko nyumbani. Hawa wageni wakinipiga picha, ikae kwa simu, izunguke mpaka imfikie, mimi nitamwambia nini?"

Akaongeza lingine ambalo kijana hakuwa amelifikiria. Siku wazungu wakizoea kuingia kichochoroni, polisi nao watajua ni mlango gani.

Hapa naomba mnisikilize vizuri kwa upande wa sheria, maana wengi wamechanganyikiwa. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka wa 2010, ile ambayo watu huita sheria ya Mututho, iliondoa marufuku ya zamani ya chang'aa. Lakini haikuiachilia hivi hivi. Inaruhusu ile iliyotengenezwa na kuuzwa kwa leseni, ikiwa kwenye chupa ya kioo. Ile inayopikwa kando ya mto na kuuzwa kwa kikombe bado ni haramu, na anayeshikwa kwanza ni mama aliye mlangoni. Kiongozi na wageni wake watakuwa wameshapanda gari. Tena kuna hatari ya mwili. Wengi wetu tunakumbuka Novemba 2000, pombe yenye sumu ya methanoli ilipoua watu zaidi ya 100 Nairobi, wengi wao katika mitaa ya Mukuru, na wengine wakapofuka. Mgeni akionjeshwa kikombe hicho na akadhurika, jina la kikundi ndilo litakaloandikwa.

Kiongozi naye ana sheria yake. Chini ya Sheria ya Utalii ya 2011 anatakiwa awe na leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii. Mwombeni awaonyeshe. Wetu alikuwa hana, alikuwa "anaishughulikia". Na picha: Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kuulizwa kabla picha yako haijatumiwa kwa biashara, na kwa mtoto ni mzazi wa kukubali. Kusema "nilimchekea, naye akacheka" si ruhusa.

Sasa pesa. Mweka hazina wetu alimkalisha kijana chini na daftari. Wageni 6 wanalipa 3,000 kila mmoja, hiyo ni 18,000 kwa jioni moja. Wakila chapati na samaki wa 150 kila mmoja, kina mama wanapokea 900. Maana yake, katika kila shilingi mia inayolipwa kwa ajili ya kuwaona, tano ndizo zinawafikia, na hapo hujatoa unga, mafuta na samaki. Kijana alishangaa mwenyewe. Sidhani alikuwa mwizi. Hakuwa amewahi kupiga hesabu akianzia upande wa jiko. Ana gharama pia, gari, simu, na yule wakala wa mjini anayemletea wageni, ambaye anachukua sehemu kubwa kabla hata hawajafika.

Kikundi kilikaa Jumapili mbili. Mkutano wa kwanza ulikuwa moto, nusu wakitaka pesa, nusu wakisema hatuko kwenye maonyesho ya kilimo. Mama wa kile chumba hakusema neno, nami sikumtaja. Mkutano wa pili walikubaliana, wakaandika kwenye karatasi, wakatia sahihi na kijana pia akatia.

Wageni watembee barabarani, kwenye majiko na kwenye vibanda vya nyama, wasiingie kichochoro chochote wala chumba cha mtu. Waje saa kumi na mbili jioni, waondoke saa mbili usiku, kabla walevi hawajaanza kugombana. Wasizidi sita. Simu zibaki mfukoni, isipokuwa kwa mama ambaye mwenyewe amesema ndiyo. Chakula walipe papo hapo kwa aliyepika, na zaidi ya hapo kila mgeni alete shilingi 500 kwa akaunti ya kikundi, zinazotumwa kabla ya matembezi, si baada. Na kiongozi asiseme juu ya mtaa neno ambalo hawezi kulisema mbele ya mwenyekiti. Hilo la mwisho lilitoka kwa yule mama mzee wa mwiko.

Mimi niliongeza moja tu: mama mmoja asimame na kuzungumza, aeleze kikundi kinavyoweka akiba na kukopeshana. Niliona wageni watachoka. Kumbe ndiyo sehemu waliyoiulizia zaidi, riba ni ngapi, mtu asipolipa mnafanyaje, waume wenu wanasemaje.

Kijana alilalamika kwamba bila pombe hakuna matembezi. Wakala mmoja alimwacha kweli, na kwa majuma matatu hakuja mtu. Kisha wakaja wanne, wanafunzi, na Ijumaa iliyofuata sita. Hadi tunapoandika haya wamekuja mara tisa. Leseni yake ameipata. Mara moja mgeni alitoa simu na kumpiga picha mtoto aliyekuwa akioga kwenye karai. Kijana mwenyewe akamwomba aifute, na aliposita, mweka hazina akasimama mbele yake na mkono umenyooshwa mpaka akaifuta.

Yule mama wa chumba bado anauza. Kikundi kimemkopesha 6,000 anunue jiko na karai la kukaangia samaki. Juma lililopita nilimwona barabarani na omena, taa ya chaji mezani, saa kumi na mbili na robo. Wageni walipokaribia alivuta leso akafunika nusu ya uso, halafu akaishusha, akawauliza wanataka ya pilipili au bila.