Liseme Pengo Kabla Halijaulizwa

Mwanafunzi aliyeanza diploma ya uuguzi Septemba 2018 na kuhitimu mwaka 2024 hawezi kuuficha muda uliozidi. Kozi ni ya miaka mitatu. Tarehe yake ya kuanza imeandikwa mbali na chuo, kwa sababu Baraza la Wauguzi la Kenya huwaandikisha wanafunzi mapema na kuwapa namba ya indeksi. Siku atakapoomba kusajiliwa, yeyote anayeshika faili lake ataziona tarehe mbili na kutoa hesabu. Maafisa wa kliniki wana utaratibu wa aina hiyo katika baraza lao, na madaktari katika lao, KMPDC.

Hata hivyo, wahitimu wengi wa kaunti za Kitui na Makueni, huku Ukambani, hulifikia dirisha la usajili wakiwa na hofu moja: nikisema niliacha masomo, watanikataa. Kwa hiyo huamua kunyamaza. Wengine hufuata ushauri wa rafiki, wakasogeza tarehe kidogo kwenye wasifu kazi ili miaka ikutane vizuri. Hofu hiyo naifahamu na siidharau, maana nyuma ya ombi moja la leseni mara nyingi kuna ukoo mzima uliochanga. Lakini imeelekezwa pasipofaa. Pengo la masomo peke yake halimnyimi mtu leseni. Linalomponza ni simulizi mbili zisizopatana, ya kwake upande mmoja na ya chuo upande wa pili.

Nani asiyejua jinsi masomo yanavyokatika Ukambani? Karo ya vijana wengi wanaosoma katika chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, KMTC, iwe Kitui, Mwingi, Makindu au Wote, hutoka kwenye mbuzi, ndengu na maembe. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 hadi 2022 mvua ilikosekana msimu baada ya msimu, mitano mfululizo. Mifugo ikakonda, na mbuzi aliyekonda hauzwi kwa bei ya kulipa muhula. Mzazi akamwambia mtoto akae nyumbani kidogo mpaka mambo yatengemae. Muhula mmoja ukawa miwili, miwili ikawa mwaka. Kijiji kizima kilijua sababu, na chifu alijua. Chuo ndicho kilichobaki na rejista tu, yenye jina lisilojibu.

Yapo na mengine. Binti hupata mimba katika mwaka wa pili. Kijana huugua, au hurudi Ikutha kumuuguza mama. Kuna aliyeanguka mtihani wa marudio akarudia mwaka, aliyehama kutoka uuguzi kwenda tiba ya kliniki, na aliyesimamishwa baada ya fujo za wanafunzi. Vilevile kuna mapengo ambayo mwanafunzi hakuyasababisha hata kidogo. Machi 2020 vyuo vyote nchini vilifungwa kwa sababu ya korona. Kabla ya hapo madaktari wa hospitali za umma waligoma siku 100, kutoka Desemba 2016 hadi Machi 2017, na haikupita miezi mingi wauguzi nao wakagoma kwa karibu miezi mitano. Chuo kinaweza kuwa wazi, lakini wodi isiyo na mhudumu haimfundishi mwanafunzi. Mwaka 2024 madaktari waligoma tena kwa siku 56, na kiini cha mgogoro kilikuwa madaktari wanagenzi: walipwe takriban shilingi 206,000 kwa mwezi kama makubaliano ya 2017 yalivyosema, au 70,000 kama serikali ilivyotaka. Wakati wazee wakibishana, waliohitimu walikaa nyumbani miezi kadhaa wakisubiri kupangiwa hospitali. Muda huo nao ni pengo, na mtu asiulizwe kwa nini anautaja.

Nchi hii ina kizazi kizima cha madaktari wenye pengo. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho wakati huo kilikuwa chuo kikuu pekee nchini, kilifungwa. Wanafunzi walirudishwa makwao na kuamriwa kuripoti kwa machifu, na kwa wengi kufungwa huko kulidumu zaidi ya mwaka. Walirudi, wakamaliza, wakatibu watu miaka yote iliyofuata. Tarehe zao hazikuwazuia.

Kwa nini basi mabaraza huuliza? Kwa sababu ya mgonjwa. Kitui ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000 na watu wapatao milioni 1.1 kwa hesabu ya sensa ya 2019. Makueni ina watu karibu laki kumi. Katika zahanati ya mbali kule Tseikuru, mhudumu anaweza kujikuta peke yake usiku na mama anayevuja damu, bila mkubwa wa kumwita na bila gari karibu. Kama mhudumu huyo aliikosa zamu ya wodi ya wazazi akiwa mwanafunzi, na hakuna aliyehakikisha ameilipa, kilichokosekana mafunzoni hulipwa na mama yule. Baraza linapouliza ulikuwa wapi, linataka kujua mambo mawili: je, kila sehemu ya mafunzo ilikamilika, wodini na darasani? Na je, kuna jambo lililotokea katika muda ule linalohusu usalama wa wagonjwa? Ukiyajibu hayo mawili kwa ushahidi, umemaliza sehemu kubwa ya kazi.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapokosea bila kujua. Kazi ya kueleza pengo haianzi siku ya kuomba leseni. Inaanza siku unapofunga sanduku kuondoka chuoni. Anayeondoka kimyakimya huhesabiwa mtoro, na baada ya muda chuo kinaweza kulifuta jina lake. Anayeondoka kwa barua ameahirisha masomo. Wote wawili wamekaa nyumbani Kibwezi mwaka uleule, kwa sababu ileile, lakini faili zao zitasomeka tofauti maisha yao yote. Barua yenyewe ni ya ukurasa mmoja: jina, namba ya usajili, kozi, mwaka wa masomo, sababu kwa sentensi moja, tarehe ya kuondoka na tarehe unayotarajia kurudi. Omba nakala igongwe muhuri wa kupokelewa na uihifadhi mahali pakavu. Chuo kikijibu, jibu hilo lina thamani kuliko barua yako. Ukirudi, omba barua ya kurejeshwa masomoni inayotaja mwezi uliorudi na sehemu za mafunzo utakazorudia.

Najua mzazi anayeona aibu kwamba karo imemshinda hataki mtoto aandike hivyo kwenye karatasi ya serikali. Kukosa karo si kosa. Kwa mtazamo wa baraza, ni mojawapo ya sababu zilizo rahisi kabisa kueleweka, na salio la ada ulilokuwa ukidaiwa linaithibitisha bila wewe kuongeza neno.

Na aliyekwisha kuondoka bila barua? Afanye kazi ya kuukusanya ukweli upya. Aende kwa msajili wa chuo aombe barua inayoonyesha mihula aliyosoma na ambayo hakusoma. Aombe taarifa ya malipo ya karo, kwa sababu mihula isiyo na malipo hujisema yenyewe. Kama alikuwa na mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, taarifa yake nayo ina tarehe. Aliyelazwa ana karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitalini. Aliyejifungua ana cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Aliyefanya kibarua ana barua ya mwajiri. Chifu anaweza kuandika kwamba alimfahamu akiishi katika lokesheni yake wakati huo. Pale ambapo hakuna karatasi yoyote, iko hati ya kiapo, inayoapwa mbele ya kamishna wa viapo, ambaye kwa kawaida ni wakili. Lakini asiikimbilie kwanza. Kiapo ni neno lake mwenyewe, na karatasi ya mtu mwingine huwa na uzito zaidi.

Maelezo yenyewe yawe mafupi. Tuseme ni binti wa Mutomo aliyekosa karo. Angeandika hivi: "Nilianza diploma ya uuguzi Septemba 2018. Niliacha masomo kuanzia Januari 2021 hadi Agosti 2022 kwa kukosa karo. Katika muda huo niliishi nyumbani na kufanya kazi dukani. Sikutoa huduma yoyote ya matibabu. Nilirejeshwa Septemba 2022, nikarudia zamu ya wodi ya wazazi, na nikamaliza mafunzo yote. Nimeambatisha barua mbili za chuo na taarifa ya karo." Basi. Hakuna kulia wala kujitetea. Sentensi ya kwamba hakutoa huduma ya matibabu ni muhimu, kwa sababu mtu aliyesoma nusu kisha akaonekana akidunga sindano kijijini ni jambo ambalo baraza lolote litataka kulijua.

Ugonjwa una utata wake, hasa ugonjwa wa akili, ambao kwetu bado unanong'onezwa. Taja tarehe, taja kwamba ulikuwa mgonjwa na ukatibiwa, na ambatisha barua ya daktari inayosema kwamba sasa unaweza kufanya kazi. Huna lazima ya kusimulia kila dawa uliyomeza. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na ofisi inayozipokea ina wajibu wa kuzilinda. Lakini fomu ikiuliza waziwazi kama una hali inayoweza kuathiri utendaji wako, jibu lazima liwe la kweli.

Uongo ninaoukuta mara nyingi ni ule wa kukifuta chuo cha kwanza. Mtu alisoma mahali miaka miwili, akafukuzwa au akashindwa, akaanza upya kwingine, na kwenye fomu akaandika cha pili tu. Moyoni anaona hajadanganya, kwa kuwa kila alichoandika ni kweli. Lakini fomu iliuliza vyuo vyote. Hapo kosa la ujanani, ambalo pengine lingesamehewa kwa barua moja, hugeuka kuwa swali kuhusu tabia ya mtu mzima. Kama ulifukuzwa, sema ulifukuzwa, taja sababu na mwaka, na onyesha ulivyoishi tangu hapo. Ndilo jibu gumu kuliko yote katika fomu ile, na ninalipendekeza bila kusita.

Sheria nayo ina meno. Kifungu cha 320 cha Kanuni ya Adhabu kinamfunga hadi mwaka mmoja mtu anayejipatia usajili, leseni au cheti kwa hila. Kughushi nyaraka ni kosa tofauti na zito zaidi. Mapema mwaka 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba ukaguzi umewapata wafanyakazi zaidi ya 2,000 wenye vyeti ghushi, na Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC, imekuwa ikiwashtaki watu wa namna hiyo ili warudishe hata mishahara waliyokwisha kula. Mwenye pengo halali asijiweke kwenye foleni hiyo kwa kubadilisha tarakimu moja ya mwaka.

Tena wengi wa vijana hawa hawataishia Wote au Kitui mjini. Wauguzi wetu wanakwenda Uingereza chini ya makubaliano ya serikali mbili ya mwaka 2021, na wengine Saudia, Oman na Dubai. Nchi za Ghuba huitumia kampuni ya DataFlow, inayowaandikia vyuo na waajiri moja kwa moja kuuliza tarehe. Daktari anayeomba mafunzo ya ubingwa Marekani huulizwa kwenye fomu kama masomo yake ya udaktari yaliwahi kukatizwa au kurefushwa, na chuo chake huulizwa pia. Ulichoandika kwa KMPDC kinaweza kulinganishwa miaka kumi baadaye na utakachoandika huko. Kwa hiyo hifadhi nakala ya kila ombi ulilotuma, na utumie maneno yaleyale na tarehe zilezile kila mahali.

Ombi likikataliwa, usikubali jibu la mdomo dirishani. Ibara ya 47 ya Katiba inakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi wa ofisi ya umma unapokuumiza, na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 inaeleza namna ya kuidai. Mara nyingi sababu ikiandikwa hugundulika kwamba kinachokosekana ni barua moja ya chuo.

Na hapo lawama nyingine si ya mwanafunzi. Chuo kinachomruhusu kijana aondoke kwa sababu ya njaa bila kumwekea fomu ya kuahirisha mezani kimemtengenezea tatizo litakalomfuata. Mkuu wa wanafunzi anajua mapema ni nani hajalipa na ni nani amekoma kuja darasani. Msimu wa mvua ukifeli tena Kyuso au Kathonzweni, fomu hizo zingefaa kupigwa chapa na kugawanywa pamoja na ilani za karo, kila moja na nafasi ya muhuri, ili anayerudi nyumbani kuchunga mbuzi waliobaki aondoke na karatasi yake mkononi.